Laptopu haiwaki au inaishia njiani? Angalia imekwama wapi kabla hujaifomati

Laptopu ikigoma kuwaka watu wengi wanakimbilia kufomati, yani mtu anaona skrini nyeusi tu anasema Windows imekufa, anapiga Windows mpya, picha na kazi za miaka zote zinaenda, alafu tatizo liko palepale kwa sababu kumbe lilikuwa RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) au chaja. Inaniuma sana hii, maana data ikishafutwa kuirudisha ni kazi ngumu, na kwenye SSD (diski za kisasa zisizozunguka) mara nyingi hairudi kabisa. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote jibu swali moja: laptopu yako inafika wapi ndio inagoma?

Kuwaka kwa laptopu ni kama mbio za kupokezana vijiti. Umeme unaingia kwenye mazabodi (bodi kuu ya ndani), mazabodi inaamsha BIOS (programu ndogo inayoanza kabla ya Windows), BIOS inakagua prosesa, RAM na skrini, alafu inatafuta diski, kwenye diski inaikuta Windows, Windows inapakia draiva zake (programu za kuendesha vifaa) mpaka unaona sehemu ya kuweka paswedi. Kijiti kikidondoka sehemu, wale waliotangulia hawana kosa. Ukiona nembo ya kampuni imetokea ujue chaja, kitufe na skrini vimeshafanya kazi yao, usihangaike navyo tena, na kama hata nembo hujaiona basi Windows haijafikiwa bado au ni skrini tu haionyeshi, sasa unaifomati ya nini?

Imekufa kabisa, hamna hata taa

Anza na umeme wenyewe na usidharau hatua hii. Chomeka kitu kingine kwenye soketi hiyohiyo uone kama kinawaka, alafu angalia taa ya chaja kama inayo. Kuna chaja taa yake inawaka vizuri ikiwa ukutani, ila ukiingiza pini kwenye laptopu inazima palepale. Jaribu chaja nyingine nzima, na yenyewe ikifanya hivyohivyo ujue ndani ya laptopu kuna shoti, iwe kwenye tundu la chaji au kwenye mazabodi, na chaja inajizima kujilinda. Hapo chomoa, usiendelee kulazimisha.

Ukiazima chaja soma maandishi ya mgongoni. Volti lazima zilingane (19 na 19.5 zinachukuliana), ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Kwa zile zinazochaji kwa USB-C tatizo linalojirudia ni mtu kutumia chaja ya simu ya wati 20 kwenye laptopu inayotaka wati 65, taa ya chaji inaweza hata kuwaka lakini mashine hainyanyuki, hasa betri ikiwa imekauka kabisa. Na kwenye Dell na HP nyingi zenye pini ya mviringo kuna kisindano chembamba katikati, hicho ndio kinaiambia laptopu hii chaja ni ya wati ngapi, kikipinda au kikikatika laptopu inaweza kuwaka ikiwa kwenye chaja lakini betri haijai hata uiache usiku kucha.

Chaja ikiwa nzima na bado kimya, fanya hivi: chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka kwa nje, chomoa flashi na mausi na kila kilichochomekwa, alafu shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 bila kuachia. Rudisha chaja peke yake, betri bado iko nje, washa. Unachofanya hapo ni kumaliza umeme uliobaki kwenye bodi ili ile chipu inayosimamia umeme ianze upya, na laptopu nyingi zilizoonekana zimekufa zinaamkia hapa. ThinkPad nyingi zenye betri ya ndani zina kitundu kidogo kwa chini, unachomoa chaja, unaingiza ncha ya klipu ya karatasi uliyoinyoosha, unabonyeza taratibu, unasubiri dakika moja hivi alafu unarudisha chaja na kuwasha.

Ikiwaka bila betri na kugoma ukirudisha betri, mchawi umeshamjua. Na kama tachipadi imeinuka au kifuniko cha chini kimeachana, betri imevimba, usiichaji tena, usiibonyeze irudi, na usiitoboe kwa namna yoyote maana betri ya lithiamu ikitoboka inashika moto.

Kama ilimwagikiwa na kitu usijaribu kuiwasha "kuangalia tu". Chomoa chaja, toa betri, ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa. Kuianika peke yake haitoshi, kinachoua bodi ni chumvi na sukari zinazobaki baada ya maji kukauka.

Taa zinawaka, feni inazunguka, skrini nyeusi

Hapa ndio watu wanapotea zaidi, kwa hiyo twende taratibu. Kwanza tenganisha: ni skrini haionyeshi au ni mashine yenyewe haijaamka? Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwa inawaka na kuzima kila ukibonyeza, mashine iko hai na inakusikia, tatizo ni upande wa skrini. Ikiwa haijibu kabisa, mashine imekwama mapema.

Kwa upande wa skrini, zima taa za chumbani, chukua tochi ya simu, imulike skrini kwa karibu na kwa pembeni. Ukiona kwa mbaaali nembo au sehemu ya paswedi ipo ila giza, basi picha inafika, kilichokufa ni mwanga wa nyuma ya kioo au waya wake. Waya huo unapita kwenye bawaba na unachoka kwa kufunguliwa na kufungwa kila siku, ndio maana kuna skrini zinawaka ukiifungua nusu na kuzima ukiifungua yote. Alafu chomeka TV au monita kwa HDMI, subiri kidogo, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P ubadilishe. Picha ikitokea kule, data zako ziko salama na mazabodi inafanya kazi, ni kioo au waya. Dell nyingi zina jaribio lake zuri: zima, shikilia herufi D huku unawasha, skrini inabadilika rangi, nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu. Rangi zikitokea safi, kioo ni kizima, tafuta kosa kwingine.

Na mara nyingine ni kitu kidogo mno, mwangaza umeshushwa hadi mwisho. Bonyeza kitufe cha kuongeza mwangaza, pamoja na Fn kama inahitajika, kabla hujashika bisibisi.

Sasa kama Caps Lock haijibu na HDMI haitoi kitu, mshukiwa wa kwanza ni RAM. Chomoa chaja, fungua kifuniko cha chini, na kama betri iko ndani chomoa waya wake kwenye bodi kwanza, usiruke hiyo. RAM inashikiliwa na vibanio viwili vya pembeni, ukivitanua kwa vidole viwili RAM yenyewe inanyanyuka kwa mshazari, ivute kwa kushika kingo bila kugusa zile pini za dhahabu. Zisugue pini polepole na raba safi ya kufutia penseli, pande zote mbili, futa vumbi la raba lote lisibaki, alafu irudishe kwa mshazari uleule, isukume mpaka dhahabu karibu yote imezama ndani, ndio uilaze mpaka usikie vibanio vimelia tak. Watu wengi wanailaza kabla haijazama, inaonekana imekaa kumbe haijakaa. Zikiwa mbili weka moja tu, jaribu, alafu nyingine, na jaribu kila tundu, maana linaweza kuwa limekufa tundu na sio RAM. Ukiweka RAM mpya usishtuke skrini ikibaki nyeusi dakika chache mara ya kwanza, hasa DDR5 (aina mpya ya RAM), mashine inajifunza hiyo RAM, iache. Laptopu nyembamba nyingi RAM imelehemewa kwenye bodi, huko huna cha kuchomoa.

Mashine yenyewe pia inaongea, ila watu hawaisikilizi. Ukiona taa inapepesa kwa mpangilio, inasimama, inarudia, hesabu. Kwenye Dell nyingi inapepesa rangi ya chungwa alafu nyeupe: chungwa 2 nyeupe 1 ni prosesa, 2 na 3 haioni RAM, 2 na 4 RAM mbovu, 2 na 7 ni kioo, 3 na 1 ni betri ndogo ya BIOS. HP inatumia taa ya Caps Lock, nyingine zinapiga milio. Rekodi video kwa simu ili uhesabu vizuri, alafu tafuta maana yake kwa jina kamili la modeli yako, sio kwa jina la kampuni tu, kwa sababu zinatofautiana.

Nembo inatokea, alafu inaleta maneno tu

"No bootable device", "Operating system not found", "Boot device not found", yote yanasema kitu kimoja, BIOS imetafuta mahali pa kuanzia haikupata. Kabla ya kuilaumu diski chomoa flashi, memori kadi na hadi diski (hard disk) za nje, mashine inaweza kuwa inajaribu kuanzia kwenye flashi isiyo na kitu.

Bado? Ingia BIOS. Zima, washa, gonga kitufe mfululizo kuanzia sekunde ya kwanza: F2 kwa Dell, Acer na Asus, Esc alafu F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Humo unaangalia kitu kimoja tu kwanza, diski yako imetajwa kwa jina au haijatajwa?

Ikiwa imetajwa, diski ipo hai angalau kwa kiasi, tatizo ni mpangilio. Angalia mpangilio wa kuanzia, "Windows Boot Manager" iwe juu. Angalia kama UEFI haijabadilika kuwa Legacy (hizo ni njia mbili za kuanzisha Windows), na kama sehemu ya diski haijahama kutoka AHCI kwenda RAID au kinyume chake (njia mbili za mashine kuongea na diski), hicho kimoja tu kinatosha kuleta skrini ya bluu yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mipangilio kujibadilisha yenyewe inatokea betri ndogo ya BIOS ikiisha, ile ya duara ya volti 3, nyingi ni CR2032, na dalili yake ni tarehe na saa kurudi miaka ya nyuma kila ukizima. Badilisha hiyo betri, rudisha mipangilio, basi.

Ikiwa haijatajwa, fungua, chomoa diski, irudishe, kaza skrubu yake, maana SSD za M.2 zikilegea kidogo tu hazionekani. Hadi diski ya zamani ikiwa inalia tik tik tik au inakwaruza ZIMA SAA HIYOHIYO. Kila dakika unayoiacha inazunguka unapoteza data nyingine. Usipige chkdsk (programu ya Windows ya kukagua diski) kwenye diski ya namna hiyo, chkdsk, hasa ya /r, inaisomesha diski sana na ndiyo inayoweza kuimalizia.

Diski ikiwa inaonekana lakini huiamini, kwanza toa data. Tengeneza flashi ya Ubuntu (mfumo wa bure unaofanya kazi kama Windows) kwenye kompyuta nyingine, anzia nayo, chagua kujaribu bila kuinstoli, fungua diski yako, nakili vitu muhimu kwenda diski ya nje ukianza na visivyopatikana kwingine kokote. Baada ya hapo ipime: Dell ukibonyeza F12 kwenye nembo kuna "Diagnostics", HP ni Esc alafu F2. Vipimo hivyo viko nje ya Windows, vikisema diski imefeli ujue imefeli, nunua nyingine.

Windows inaanza, inazunguka tu au inaleta bluu

Sasa ndio tumefika Windows, na hata hapa kufomati ni mwisho wa orodha.

Ikiwa ni skrini nyeusi yenye mshale wa mausi, bonyeza Ctrl, Shift na Esc, Task Manager ikifunguka anzisha kazi mpya, andika explorer.exe, dawati linaweza kurudi palepale. Bonyeza pia Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, inawasha upya draiva ya skrini. Na kama tatizo linatokea ukiwasha baada ya kuzima lakini ukirestati linapona, hiyo ni Fast Startup, ipo tangu Windows 8, ukizima haizimi kabisa, inahifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili iwake haraka, na kikihifadhiwa kibovu unaamka nacho kibovu. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandika amri) kama admin, andika powercfg /h off, itazimika, ila ujue na hibaneti (kulaza mashine kazi zikiwa zimehifadhiwa kwenye diski) inaondoka nayo.

Ikiwa haifiki popote, iache izunguke kwanza kama ilikuwa inaweka apdeti, hasa laptopu ya hadi diski, saa nzima sio ajabu. Ukiona imekwama kweli, shikilia kitufe izime pale nembo ya Windows inapotokea, rudia mara mbili tatu, Windows yenyewe itakuletea skrini ya matengenezo. Nenda "Troubleshoot" alafu "Advanced options". Utaratibu ninaoupendelea ni huu: "Startup Repair" kwanza kwa sababu haigusi faili zako, ikishindwa "Uninstall Updates" kama tatizo limeanza baada ya apdeti, alafu "System Restore" kama kuna tarehe ya nyuma, alafu Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya lazima tu) kupitia "Startup Settings", bonyeza 4. Ikiwaka kwenye Safe Mode, Windows ni nzima, kuna draiva au programu inaiangusha, toa kilichowekwa mwisho.

Kwa wanaoamini bluu ni lazima ufomati, kumbukeni tarehe 19 Julai 2024. Apdeti mbovu ya CrowdStrike, kampuni ya programu za ulinzi wa kompyuta, iliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani kwa makadirio ya Microsoft, viwanja vya ndege na hospitali vikakwama, zote zinaleta bluu na kurestati bila kuisha. Dawa yake ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili moja. Faili moja jamani! Diski zilikuwa nzima, data zilikuwepo.

Kilichowachelewesha wengi siku ile ni BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, na wewe inaweza kukukuta. Laptopu nyingi za Windows 11 diski inakuwa imefungwa bila mwenyewe kujua, siku ukibadilisha mazabodi au kuapdeti BIOS inakudai namba yenye tarakimu 48. Haitungwi, na hamna fundi wa kuivunja. Mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, ingia kwa simu aka.ms/myrecoverykey, linganisha utambulisho wa ufunguo na ule wa kwenye skrini. Kama laptopu yako inawaka vizuri saivi, ingia uichukue leo uiandike karatasini, na ukiwa kazini muulize mtu wa IT.

Ujumbe wa 0xc000000f au wa BCD (orodha ya kuanzishia Windows) maana yake faili za kuanzia zimeharibika, Windows yenyewe ipo. Fungua Command Prompt kwenye "Advanced options", andika dir C:\ uone kama kweli folda ya Windows iko humo, maana kwenye matengenezo herufi zinahama na C inaweza kuwa D. Ukishaijua andika bcdboot C:\Windows, ukibadilisha herufi inavyotakiwa. Alafu sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows kurekebisha faili za mfumo. Vyote vikigoma ndio unachagua "Reset this PC" na "Keep my files", programu zitaondoka ila faili zako zinabaki, na bado ningekwambia nakili data kwanza kwa Ubuntu.

Inawaka vizuri alafu inajizima

Ikizima baada ya dakika chache na upande mmoja unaunguza mkono, ni joto. Prosesa nyingi zinaanza kujipunguza mwendo karibu na nyuzi 100, zikipitiliza mashine inajikata. Safisha feni, ishikilie isizunguke kwa kasi unapoipuliza, badilisha pesti ya kupitisha joto ya prosesa kama haijaguswa miaka mingi. Ikizima ghafla hata ikiwa baridi, jaribu kwenye chaja bila betri alafu kinyume chake, utajua nani anakata.

Ukiamua kuipeleka kwa fundi

Mwambie imekwama wapi kwa maneno hayahaya: "nembo inatokea, BIOS haioni diski", au "Caps Lock inajibu ila HDMI na skrini nyeusi". Mpe ile video ya taa zinazopepesa. Mwambie wazi kwamba hairuhusiwi kufomati bila kukupigia, na muandikiane. Kama diski inatoka kirahisi na tatizo ni skrini, chaji au RAM, itoe ubaki nayo nyumbani, hivyo vyote vinaweza kutengenezwa na kujaribiwa bila diski ndani.